Kilo Mama Anakwenda Ng'ambo

Jumatatu, 4 Machi

Nimechaguliwa kwenda ng'ambo. Mimi! Mkaguzi aliyetakiwa kwenda ameteguka kiuno akiinua gunia sokoni, na katika ofisi nzima ya mizani na vipimo, yenye watu wazima wa vyeo na vitambi, zamu imemwangukia karani wa meza ya pembeni.

Mama Mkuu, mkubwa wa ofisi yetu, alitangaza mbele ya wote. Kila baada ya miaka kadhaa Kilo Mama hupelekwa kwa wataalamu wa nchi ile ya baridi ili apimwe upya. Kilo Mama ni jiwe letu la mizani, la shaba, ukubwa wa kikombe kidogo cha chai. Anakaa kabatini, ndani ya sanduku lenye mahameli nyekundu. Mawe yote ya nchi hii, ya bucha, ya duka, ya ghala, yamelinganishwa naye au na watoto wake, nakala zake za hapa ofisini. Kilo ni yeye. Wengine wote wanamwiga.

Alisema amenichagua kwa sababu tangu niajiriwe sijavunja kitu, sijapoteza kitu, na hata kikombe changu cha chai kina kifuniko. Watu wakacheka. Niliona haya, ila haya yenye utamu kidogo.

Kisha Nilipokuwa akaharibu. Huyu ni karani wa meza inayotazamana na yangu. Aliwahi kwenda nje mara moja, na tangu siku hiyo kila analosema huanza na "Nilipokuwa nje", mpaka limekuwa jina lake. Aliniuliza kwa sauti ya kufika koridoni: eti, bwana mdogo, umewahi kutoka wewe?

Nikajibu: Si sana.

Si sana! Mtu ama amevuka mpaka ama hajavuka. Mimi hata ule upande wa pili wa stesheni huwa nauzunguka. Lakini neno lilishatoka, na Mama Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa siwezi kumwuliza mtu yeyote jambo lolote. Mtu wa "si sana" haulizi.

Azimio: nitajifunza yote mwenyewe, kimyakimya.

Jumanne, 5 Machi

Ninayoyajua kuhusu nchi ile: mji mkuu wake, mto wake mrefu, na kwamba inachimba chuma. Yote ya darasani, na niliyapata yote kwenye mtihani. Hakuna hata moja litakalonionyesha choo kilipo.

Mama amekwisha kuwaambia majirani. Nilimsikia dirishani: mwanangu anabeba kilo ya taifa. Jirani akauliza, kilo ya nini? Mama akafunga dirisha nusu. Kisha akasema ni mambo ya serikali, hayasemwi ovyo.

Mjomba alikuja kuniachia wosia. Alikaa kitandani kwangu, maana kiti kilikuwa na vitambaa vya Dada. Alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa hiyo nitembee kama asiye na kamba. Nikamwuliza kama yeye amewahi kusafiri. Hajawahi. Lakini, alisema, amesindikiza wengi.

Mama alikuwa na neno moja tu. Watu wa nje hawatakuuliza umesoma mpaka wapi. Watakutazama viatu, kucha, na nyuma ya masikio. "Usiende kunitia aibu. Mtoto wangu havuki mlango huu akiwa amepauka." Papo hapo akanishika sikio na kunikagua, mbele ya Mjomba, mimi mwenye stashahada.

Akakuta kitu.

Dada ni fundi cherehani. Ananishonea koti la baridi kutokana na blanketi. Blanketi lina maua makubwa. Ameahidi kwamba maua yatakaa ndani.

Jumatano, 6 Machi

Fedheha tupu.

Nilisoma kwamba viwanja vya ndege vya kule vina ngazi za umeme, zile zinazopanda zenyewe. Jengo jipya la maduka pale mjini linazo. Nikapata wazo la kwenda kujizoeza baada ya kazi, nikiwa na begi la magurudumu la Mjomba, ndani nimetia pakiti ya sukari badala ya Kilo Mama.

Nilisimama chini ya ngazi ile kwa muda mrefu. Kila aliyekuja nilimpisha: tangulia tu, namsubiri mtu. Walipita bibi vizee. Alipita mama mwenye watoto mapacha. Mlinzi akaja kuniuliza ninamsubiri nani. Nikasema, mwenzangu. Akasema basi mwenzako nadhani amepanda, maana hapa wanapanda wote isipokuwa wewe.

Nikapiga moyo konde. Nikatanguliza begi ili mkono uwe huru kushika reli. Begi likapanda. Mimi sikupanda. Mguu ulikataa, kabisa, kama punda. Begi la Mjomba likapaa peke yake, limesimama wima, lina adabu zake zote, na mimi chini nikiliita kwa jina la Mungu.

Na juu kule alikuwa nani? Nilipokuwa, na mkewe. Alilipokea kwa mikono miwili kama anayempokea mgeni rasmi. Akainama kwenye reli akanipungia. Msafiri! Akauliza kama kule nilikokwenda "si sana" mizigo ndiyo hutangulia.

Nilimjibu kwamba najaribu magurudumu.

Nilipanda kwa ngazi za kawaida kulifuata. Mkewe alinipa begi kwa upole sana. Upole ule ndio umenikata maini.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimekabidhiwa Kilo Mama. Mama Mkuu aliniita kwenye chumba cha mizani, akafungua kabati, akaweka sanduku mezani kama anayemlaza mtoto. Nilipokuwa alikuwepo, amekuja eti kutafuta kalamu.

Mama Mkuu akaanza kusema kwamba Kilo Mama ana masharti yake ya kushikwa na kutunzwa, na kwamba ni vema tuyapitie moja moja. Nilipokuwa akanitazama. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, tabasamu lile lile la kwenye ngazi za umeme.

Nikasema: nayajua, Mama.

Akauliza, yote? Nikasema, yote. Alifurahi. Alisema wengine humchosha kwa maswali. Akanipa ufunguo, akafunga mdomo, na yale masharti yakabaki humo.

Walipoondoka nikafungua sanduku nimtazame vizuri. Nilishtuka. Amefifia! Rangi yake ni ya maji ya dimbwi. Ubavuni ana doa jeusi kama chunjua, na kichwani amefanya ukungu. Huyu ndiye atakayewekwa mbele ya wataalamu wa watu, kwenye meza nyeupe, chini ya taa! Watasema nchi gani hii, inashindwa hata kumwosha mama yake.

Nimekula chakula cha jioni bila kukisikia ladha. Namwona tu amepauka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimelitatua. Nimefanya jambo zuri kuliko yote tangu niajiriwe, na hakuna aliyenituma.

Mama hung'arisha sufuria kwa majivu na ndimu. Nilibeba majivu kwenye karatasi, ndimu mfukoni, na kipande cha waya wa kusugulia. Wenzangu walipokwenda kula mchana nikajifungia kwenye chumba cha mizani. Nikamtoa Kilo Mama kwa mkono, nikamkalisha kwenye sahani, nikamsugua. Ubavuni, kichwani, chini. Lile chunjua lilikuwa bishi; nikaliegemea mpaka likasalimu amri. Nikamsuuza. Nikamkausha kwa shati langu.

Lo! Anawaka! Nilijiona uso wangu ndani yake, mdogo, wa manjano, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuona haya kujitazama.

Waje sasa wamkague mpaka nyuma ya masikio.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwisha.

Ofisi ilikuwa nusu siku. Nilikwenda mapema kwa furaha tu, nimwone tena. Na kwa kuwa mtu mwenye furaha hana kazi, nikaona nimweke kwenye mizani ya kioo, mama upande mmoja na mtoto wake mkubwa upande wa pili, niwaone wakisimama sawasawa kama sheria inavyotaka.

Mtoto akashuka. Mama akapanda.

Nikadhani mtoto ana vumbi. Nikachukua wa pili. Akashuka. Wa tatu. Akashuka. Nikaketi. Watoto wote hawawezi kunenepa kwa usiku mmoja. Aliyekonda ni mama. Na aliyemkondesha ni mimi. Ule weusi uliobaki kwenye waya wa kusugulia, ule nilioumwaga kwenye karo kwa fahari, ulikuwa kilo.

Kisha lile la sheria likanijia, nalo ni baya zaidi. Kilo, kisheria, ni uzito wa Kilo Mama. Kilo si watoto wake wala jiwe la bucha. Ni yeye peke yake. Akikonda yeye, kilo imekonda. Kwa hiyo tangu jana mchana kila mwenye duka nchini, mtu mwaminifu mwenye jiwe halali, anapima zaidi ya kilo bila kujua. Nimewaibia wenye maduka wa nchi nzima kwa ndimu moja.

Nilipita kwa muuza nyama wa mtaani kwetu nikirudi. Alinisalimia kwa uchangamfu, akauliza safari lini. Nilimwamkia nikitazama chini. Masikini, hajui.

Jumapili, 10 Machi

Kilichopungua kinaweza kuongezwa. Hilo ni la darasa la kwanza. Nimekaa mchana wote nikifikiri kiongezwe nini. Nta? Itayeyuka. Gundi? Inanata. Ndipo macho yakaangukia chupa ya rangi ya kucha ya Dada, ile isiyo na rangi, inayong'aa tu kama maji. Hukauka ngumu. Haionekani. Ukimpaka chini, kwenye kitako, nani atamwinua kumchungulia?

Nilikuwa ndiyo nimeitia mfukoni Dada akatokea. Akauliza naipeleka wapi. Nikasema nataka kuweka alama kwenye begi. Akasema alama gani isiyoonekana? Nikasema ya siri. Alinitazama vidole kwa muda, kisha akaniambia nisimame nipime koti.

Maua yako nje. Alisema upande wa ndani ulikuwa unawasha, na ni heri nichekwe kuliko nijikune mbele za watu. Mjomba alisema nimependeza kama kochi.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimpaka saa ya chakula. Mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa mzito. Alipokauka nikamweka kwenye mizani: mama akashuka kwa kishindo, watoto wote hewani. Sasa nimewapunja wanunuzi! Nikamkwangua kwa wembe. Akapanda mno, wenye maduka wanalia tena. Nikapaka. Nikakwangua. Nikawa kama kinyozi anayesawazisha masharubu, mara upande huu, mara upande ule, huku mteja anakwisha. Mwishowe sindano ya mizani ikasimama katikati. Nikamrudisha sandukuni upesi, jasho linanitiririka mpaka viatuni.

Upesi mno. Jioni nilipomwinua kumhakikisha, alikuja na mahameli. Rangi ilikuwa haijakauka. Kilo Mama ameota ndevu nyekundu kitakoni.

Na harufu! Nilipokuwa aliingia chumbani, pua juu. Akasema nilipokuwa nje, harufu hii niliisikia kwenye lifti ya hoteli, na haikuwa ya mwanamume. Akatoka. Kabla sijafunga kabati, ofisi nzima ilikwisha kujua kwamba karani mpole anaingiza msichana kwenye chumba cha mizani wakati wenzake wanakula.

Mama Mkuu aliniita. Hakupandisha sauti, hapandishi kamwe, ndiyo maana tunamwogopa. Alisema hataki kuamini, ila harufu ameisikia mwenyewe. Je, kuna msichana?

Nilikuwa na njia mbili. Kusema hapana, na aulize basi harufu ni ya nini. Au.

Nikasema: ndiyo, Mama. Ni mchumba. Alikuja kuniaga.

Uso wake ulilainika wote. Alisema ujana ni maji ya moto. Alinionya nisirudie, akanipongeza, akauliza ni binti wa nani. Nikasema wa watu wa mbali. Alisema Jumatano kwenye kuniaga nimlete, wamsalimie.

Nimetoka mle ndani nina mchumba.

Jumanne, 12 Machi

Umelikoroga, utalinywa. Mke wa Nilipokuwa alikutana na Mama dukani na kumpa hongera.

Nilimkuta Mama amekaa kitandani kwake, hajawasha jiko. Hakugomba. Angegomba ningeshukuru. Aliuliza tu kwa sauti ndogo amenikosea nini hata aambiwe habari ya mkwe wake kwenye foleni ya mafuta. Alisema labda namwonea haya mbele ya watu wa mchumba. Alisema chumba hiki ni kidogo, anajua, lakini kinafagiwa.

Ningeweza kufa pale pale. Nilipaswa kusema hayupo, Mama, hakuna mtu. Badala yake nilisema yuko safarini. Akauliza, wapi? Nikasema huko huko ninakokwenda.

Alinyanyuka akawasha jiko. Akaanza kuimba! Alisema sasa hana wasiwasi, kumbe nina mwenyeji. Mjomba alisema kumbe kuku kamba anaijua inakoelekea.

Dada alicheka mpaka akajidunga sindano. Mama alipotoka aliniambia mchumba wako anapaka rangi yangu ya kucha, na amemaliza nusu chupa, mwambie anunue yake. Nikamweleza yote. Ndimu, majivu, wembe, ndevu. Alisikiliza huku akinyonya kidole. Kisha akasema neno moja ambalo silipendi kwa kuwa ni kweli: mkubwa akiambiwa mapema hukasirika mara moja, akigundua mwenyewe hukasirika kila siku.

Nimeahidi kwamba kesho nitasema. Nimeapa.

Jumatano, 13 Machi

Waliniaga kwenye chumba cha mikutano. Soda na biskuti. Wote walitazama mlango mara kwa mara, wakimsubiri mchumba. Nikasema ana mafua. Chai ikamiminwa kwa ajili yake hata hivyo, ikakaa mbele ya kiti kitupu karibu nami. Nilikaa kando ya kikombe kile nikisikia kikipoa.

Nilipokuwa akasimama kuhutubia. Nilijiandaa kwa ngazi za umeme. Hakuzitaja. Alisimulia anayosimulia siku zote, taa, treni, theluji, watu wakacheka panapochekwa. Baadaye alinivuta kando dirishani na kuniwekea mikononi koti lake, zito, jeusi, lile alilovaa nje. Alisema la maua uliache, dada yako asijue. Kisha, bila kunitazama, akasema siku zake za kwanza kule alikula biskuti za kwenye begi tu. Hoteli ilikuwa na chumba cha chakula na yeye hakujua kiko wapi. Hakumwuliza mtu. Aliona haya. Anasimulia taa na treni kwa sababu hilo hawezi kulisimulia. "Uliza, bwana mdogo. Uliza mpaka wakuchoke."

Nililikunja koti mkononi. Nimemchukia mtu huyu kwa wivu tangu niajiriwe, na koti lake linanuka sabuni; mkewe amelifua.

Koti lile ndilo lililonisukuma. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkuu nikafunga mlango. Alianza kusema jinsi anavyofurahi kwamba mimi, tofauti na wengine, sikumsumbua hata kwa swali moja. Nikafungua sanduku mbele yake. Nikamwinua Kilo Mama, nikamgeuza.

Alivua miwani. Akaivaa. Akauliza zile ni nini. Nikasema ni mahameli, Mama. Imenaswa na rangi ya kucha. Rangi ni ya kufidia majivu. Na ndimu. Na nikaendelea, mpaka nikafika mwisho, mpaka kwenye yule mchumba ambaye hayupo.

Alimchukua Kilo Mama kwa leso, akamrudisha sandukuni. Kisha akanieleza, pole pole, yale aliyotaka kunieleza Alhamisi. Kilo Mama hashikwi kwa mkono mtupu. Hafutwi hata kwa pumzi. Weusi wake ulikuwa uzito wake wa halali, na hakuna mtu mwenye akili angeuonea haya. Tena wale wataalamu wa kule kazi yao ndiyo hiyo: kumpima alivyo na kutuandikia amezidi au amepungua kiasi gani. Hawaulizi kwa nini amekonda, kama aulizavyo mama mkwe. Wanataka jambo moja tu, waambiwe kweli yote iliyompata. Wakifichwa, kipimo chao ni bure, na mizani ya nchi hii ni bure mpaka safari nyingine.

Nikauliza atamtuma nani badala yangu. Alisema tiketi ina jina langu, na aliyemchafua ndiye anayejua alimchafua wapi. Nitasimama mbele yao niseme kwa mdomo wangu: ndimu, majivu, rangi ya kucha. Hiyo ndiyo adhabu. Nyingine ataifikiria nikirudi.

Kuhusu mchumba alikasirika zaidi. Alikwisha kumwambia mumewe.

Alhamisi, 14 Machi

Uwanja wa ndege. Mama alilia, akanikagua masikio, akasema nimsalimie mkwe wake. Bado sijamwambia. Dada amenikazia macho mpaka nikapotea langoni. Nitamwambia kwa simu. Au nikirudi.

Mkaguzi wa mizigo alifungua sanduku akauliza huyu ana nini chini. Nikamjibu kweli. Alicheka akawaita wenzake. Nimeona haya, lakini nimepita. Kumbe kweli inapita!

Angani nimefanya mazoezi. Nina kitabu cha lugha yao. Nimetunga maungamo yangu, sentensi kwa sentensi, nikayarudia chini chini mpaka jirani yangu akahama kiti.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefanya! Nimesema!

Walikuwa watatu, makoti meupe, glavu nyeupe, chumba cheupe. Mzee wao akafungua sanduku. Kabla hajamgusa, nikasimama na kusema yote kwa lugha yao, bila kukwama: nilimsugua kwa majivu na ndimu, nikampaka rangi ya kucha, nikamkwangua kwa wembe, mnisamehe. Walitazamana. Yule mzee akamgeuza Kilo Mama, akaziona ndevu, akacheka mpaka machozi. Akanishika bega. Watamsafisha kwa njia yao, watampima, watatuandikia upungufu wake. Aliniambia hayo kwa kalamu na mchoro, na nikaelewa. Mizani ya nchi yangu imepona. Niliona haya, lakini kama mtu anayevuliwa kiatu kinachobana.

Tatizo ni kwamba niliyasema vizuri mno. Sasa wanaamini naijua lugha yao. Wakaanza kuzungumza nami wote watatu kwa pamoja, kama mvua juu ya bati. Mimi ninajua ndimu na majivu basi.

Kisha mzee akaacha kucheka. Aliniuliza swali. Refu. Sentensi ya "sijaelewa" ninayo. Iko ukurasa wa kwanza wa kitabu. Lakini baada ya maungamo mazuri vile, niseme sijaelewa? Watanionaje?

Nikasema: ndiyo.

Wakashtuka. Akauliza tena, taratibu, nyusi juu. Nikasema ndiyo kwa uzito zaidi, nikaweka na mkono kifuani. Yule mwanamke aliyekuwa akiandika aliacha kuandika, akaja kunipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yalimlenga machozi. Wameandika jina langu kwenye ubao mlangoni, chini ya picha ya mlima wenye theluji. Wamenipima kiatu chenye meno ya chuma, na kamba ya kupandia kiunoni.

Ni kesho alfajiri, hilo nimelipata. Waliniuliza kwa ishara kama waje kunichukua hotelini kwa gari. Niliona ni aibu kuwasumbua watu wema hivi.

Nimewaambia wasihangaike. Nitafika mwenyewe. Njia naijua.